MTOKO WA NYUMBANI: KUTOKA FERI MPAKA MEZANI

Mnatamani kula kama wa Masaki lakini mfuko unalia? Mshike mkono mwenzi wako, beba ndoo yenye mfuniko, tuonane Magogoni asubuhi na mapema.

Hebu tuambizane ukweli, msomaji. Mwisho wa mwezi ukifika na mshahara ukishaingia, akili ya wapenzi wengi wa mjini inakimbilia kwenye mtoko. Mnapiga pamba, mnanukia, mnachukua usafiri mpaka Masaki au Oysterbay, mnakaa meza ya pembeni inayopigwa na upepo wa bahari, mnaletewa menyu kubwa kama albamu ya harusi. Samaki wa kupaka. Kamba wa kitunguu swaumu. Juisi ya pasheni yenye kimwavuli juu. Mambo bomba! Halafu inaletwa bili ndani ya kijalada cheusi, na hapo ndipo utamwona kaka wa watu anaisoma kama anasoma majibu ya daktari, huku dada naye kajifanya anahesabu boti baharini.

Chakula chenyewe hakikuwa kibaya hata kidogo. Tatizo ni kwamba mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo, kamati ya harusi ya rafiki yenu imeshatuma ujumbe wa tatu kukumbushia ahadi, na kile kiwanja mlichokuwa mnakizungumzia tangu uchumba bado ni mazungumzo tu. Kaeni siku moja mpige hesabu ya mitoko ya mwaka mzima. Mnaweza mkakuta uzio wa kiwanja umeshaliwa na kamba!

Wapo walioamua kuikata mitoko moja kwa moja. Nawaelewa, lakini nyumba za namna hiyo nimezikalia. Jioni inafika, dada anapakua, kaka anakula macho yakiwa kwenye taarifa ya habari, dada anamalizia sahani yake jikoni simu ikiwa mkononi, saa nne kila mmoja kageukia ukuta wake. Pesa imeokolewa, sawa. Lakini ile saa moja ya kukaa mkitazamana usoni bila mtu kukimbilia popote, imekwenda na maji. Penzi la hivyo halifi ghafla. Linakonda taratibu kama sabuni ya bafuni, siku mnashtuka limebaki kipande.

Kwa hiyo mwezi huu sikupeleki Zanzibar wala Bagamoyo. Nakupeleka safari ya kilomita chache, ndani ya Dar es Salaam hiihii, ambayo kituo chake cha mwisho ni meza yenu wenyewe.

BILI INALIPIA NINI?

Kabla hatujaondoka, hesabu moja fupi. Wenye migahawa wengi duniani wanajitahidi gharama ya vyakula vibichi isizidi karibu theluthi moja ya bei inayoandikwa kwenye menyu. Zile theluthi mbili zilizobaki zinakwenda kwenye pango, mishahara, umeme wa majokofu, kodi ya serikali, glasi zinazovunjika na faida ya mwenye mali. Usiwaite wezi, biashara ndivyo ilivyo, na siku moja moja ni raha kuwalipa. Lakini maana yake ni kwamba yule changu aliyelala mbele yako amepambwa na bei isiyo yake. Na vingine ulivyovifurahia pale, yaani kukaa, kutokusumbuliwa, chakula kuja cha moto kwa wakati wake, vyote vinaweza kutengenezwa nyumbani. Vinataka mpango, na vinataka watu wawili. Hili la watu wawili nitalirudia baadaye, kina kaka msininunie.

FERI, JUA LINAPOCHOMOZA

Soko la samaki la Magogoni watu wanaliita Feri kwa sababu ya pantoni la Kigamboni linalofunga gati hapo jirani. Lipo kwenye mdomo wa bandari, ubavuni mwa Ikulu ya Magogoni, na ukifuata Barabara ya Kivukoni kwa mguu hutachoka kabla ya kuliona jengo la Hoteli ya Kilimanjaro, ile iliyofunguliwa mwaka 1965. Huo ndio uzuri wa Dar. Fungu la vibua linauzwa hatua chache kutoka kwenye anwani kubwa kuliko zote mjini, na hakuna anayeona ajabu.

Soko lililopo sasa lilijengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000, na limegawanywa kwa kazi. Kuna upande wa mnada, kuna rejareja, kuna wanaopara na kusafisha, kuna wanaokaanga kwenye makarai makubwa tangu kukicha. Fikeni mapema, saa kumi na mbili na nusu hivi. Mwanga ndiyo kwanza unafunguka juu ya maji, mashua zinaingia, wachukuzi wanapita mbio na vikapu vinavyochuruzika na wanakuamrisha upishe njia bila hata kukutazama. Madalali wanataja bei kwa kasi mpaka mgeni anadhani wanagombana. Dada yangu, kisigino kiache nyumbani! Sakafu ni maji na magamba, ndala au raba za zamani ndiyo viatu vya Feri.

Mkiingia wawili, mtajulikana tu. "Shemeji! Shemeji njoo huku, mnunulie dada yangu kamba hawa!" Kwa dakika tano mtapata ndugu wengi kuliko waliokuja kwenye send-off yenu. Cheka nao, salimia, lakini usinunue meza ya kwanza. Zunguka soko zima mara moja mikono ikiwa mfukoni, sikiliza bei wanazotajiwa mama lishe, maana wao wapo hapa kila siku na hawadanganyiki. Halafu ndiyo urudi kwa yule uliyempenda. Huu mzunguko, nikueleze, wenyewe ni mtoko tosha. Nimeona wachumba wanaojadili samaki kwa kicheko kirefu kuliko walichowahi kukitoa kwenye ukumbi wa sinema.

Upande wa mnada bei ni nzuri zaidi, ila kinachonadiwa mara nyingi ni kingi kuliko tumbo la watu wawili. Dawa yake ni kuja na wapenzi wengine, majirani au mashemeji wa kweli, mkachangia fungu mkagawana. Kama mpo wenyewe, nunueni rejareja. Jua likipanda bei nayo inalegea, lakini samaki pia analegea, kwa hiyo usijifanye mjanja wa kusubiri mpaka saa sita mchana.

Kumjua samaki wa leo si kazi. Jicho liwe limevimba na linang'aa, likishazama na kuweka ukungu achana naye. Fungua shavu, matamvua yawe mekundu ya damu, yakiwa ya kahawia huyo ameshalala nje. Mbonyeze kidole: nyama ya samaki mpya inarudi mahali pake, ya samaki mzee inabaki na shimo. Na anuke bahari. Ukisikia harufu kali ya samaki, amini usiamini, huyo si samaki wa kuandalia meza ya mpenzi wako.

KALENDA YA BAHARI

Hapa ndipo pesa inapookolewa kwelikweli, na wengi wetu tuliosomea ofisini hatupafahamu. Mvuvi haendi kwa tarehe ya mshahara wako. Anakwenda na upepo na mwezi.

Kipindi cha kaskazi, kuanzia kama Novemba au Desemba mpaka Machi, bahari kwa kawaida imetulia na vyombo vidogo vinatoka bila hofu. Kusi likishika, hasa Juni mpaka Agosti, upepo ni mkali, mashua nyingi zinabaki pwani na bei inapanda. Mwezi Julai ukimkuta changu ana bei ya kutisha, usimlaumu muuzaji.

Kisha kuna mwezi wa angani. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo panapokuwa na bamvua, maji yanatoka mbali sana na miamba inaachwa wazi. Huo ndio wakati watu wa pwani wanashuka kwa miguu na vijiti vyao kutafuta pweza kwenye mashimo, kwa hiyo ndio wakati wa kumtafuta pweza sokoni. Maji yakiwa mafu, pweza huadimika. Dagaa wao wana kinyume chao: wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, hivyo mbalamwezi ikiwa kali taa haiwavuti na wanapungua. Ukishayajua haya mawili matatu, unaacha kuingia sokoni na menyu iliyokaririwa. Unaingia na kuuliza, leo bahari imetoa nini? Ndivyo wapishi wazuri wa hoteli wanavyofanya, na ndiyo maana ubao wao wa chakula cha siku huandikwa kwa chaki.

Kibua, kwa mfano, anadharauliwa kwa sababu ni wa bei rahisi. Ana mafuta yake mwenyewe, anachomeka vizuri kuliko samaki wengi wa bei mbaya, na akichorwa mikato mitatu ubavuni, akapakwa ndimu, chumvi na pilipili, akachomwa kwenye mkaa mkali na kulazwa kwenye sahani nyeupe na kachumbari, hata mwenye Masaki yake angemuuza kwa bei ya aibu.

Kwa safari yetu ya leo chukueni changu mmoja wa kama nusu kilo mpaka gramu 700 na robo kilo ya kamba wenye vichwa vyao. Mpelekeni changu kwa wapara samaki, kwa ujira mdogo watampara na kumtoa matumbo mnatazama. Kichwa kibaki. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Juni 2019, na hata isingepigwa, samaki hasafiri vizuri ndani ya nailoni juani. Ndoo yenye mfuniko na barafu ya shilingi kidogo itamfikisha Sinza, Tabata au Mbezi akiwa mzima wa afya.

KISUTU KWA MUDA MFUPI

Kutoka Feri chukueni bajaji mpaka Kisutu. Sitakaa sana hapa, ila usipite bila kununua nazi, ndimu, tangawizi, kitunguu swaumu, kotmiri na viungo vya kupima kwa vijiko. Viungo nunua vidogo na vizima, saga nyumbani. Binzari iliyokaa mwaka mzima kwenye kopo ni rangi tu, ladha ilishaondoka. Mchele chukua wa Kyela, ule unaonukia hata kabla ya kupikwa. Watu wananunua mchele wa nje wenye sanduku zuri wakidhani ndiyo wa kihoteli, nami sijawahi kuelewa kwa nini.

KINA KAKA, KARIBUNI JIKONI

Sasa lile jambo nililoahidi. Anasa kubwa mnayoinunua kwenye mgahawa ni kwamba hakuna mmoja wenu anayeinuka. Hakuna anayesema "ngoja nikaangalie sufuria." Sasa kama mtoko wa nyumbani maana yake ni dada kutoka kazini, kwenda sokoni, kupara, kukuna nazi, kupika, kupakua, kisha kuosha vyombo huku kaka amevaa shati zuri anasubiri mezani, huo si mtoko. Hiyo ni zamu ya pili ya kazi, tena yenye mshumaa. Na dada atakula akiwa amechoka, atanuka moshi, na utamuuliza mbona umenuna.

Najua jibu la baadhi yenu: jikoni ni kwa wanawake. Haya, nani anachoma mishikaki unayoipenda pale mtaani kwenu? Chipsi mayai anakaanga nani? Ile supu ya pweza ya jioni, ambayo mnainywa mmesimama huku mmejiinamia kama wanafunzi waliotoroka shule (sababu mnaijua wenyewe!), inauzwa na nani? Wanaume. Biriani na pilau la shughuli huku pwani, lile la sufuria kubwa kama tangi, mara nyingi wapishi wake ni wanaume. Ukiingia jikoni kwa hoteli nyingi za mjini utakuta wanaume wamejaa wamevaa kofia nyeupe. Mwanaume wa Kitanzania anapika vizuri sana, tatizo lake ni kwamba akilipwa ndiyo anakumbuka.

Gawaneni. Kaka ashike mkaa, samaki na kamba. Dada ashike tui, wali na kachumbari. Au kinyume chake, kama kaka ana mkono mzuri wa wali. Mimi ningependa zaidi mmoja aongoze na mwingine asaidie, halafu mwezi ujao mbadilishane, maana wakuu wawili kwenye jiko moja la gesi lenye mafiga mawili ni vita.

SIRI YA WAPISHI WA HOTELI

Ukifanikiwa kuchungulia jikoni kwa hoteli kabla ya wateja kuingia, utashangaa: karibu kila kitu kimeshakatwa, kimeshapimwa, kimewekwa kwenye vibakuli kwa mpangilio. Mpishi anapopokea agizo lako haanzi kumenya kitunguu. Anakutanisha moto na vitu vilivyokwisha andaliwa. Nyumbani sisi tunawasha jiko kwanza, halafu ndiyo tunatafuta kisu, na mafuta yanaungua wakati tunamenya swaumu.

Basi saa kumi jioni andaeni kila kitu. Kuneni nazi, kamueni kwa kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, mchuje. Hilo ni tui zito, litengwe. Kamueni tena kwa maji zaidi, hilo jepesi ni la wali. Twangeni swaumu punje nne au tano na kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba.

Changu mchoreni mikato mitatu kila upande, mpakeni chumvi, nusu ya swaumu na tangawizi, na ndimu moja. Nusu saa inatosha. Akilowana kwenye ndimu kwa masaa, ndimu inampika na nyama inakuwa ya ungaunga. Kabla ya kumpeleka motoni mpanguseni akauke juu, kisha mpakeni mafuta kidogo. Samaki mwenye majimaji ananatia kwenye wavu na kuchanika ngozi, ndiyo maana wa hotelini anatoka mzima na wa kwako anatoka vipande.

Wakati huo tui zito libandikwe kwenye moto mdogo pamoja na swaumu na tangawizi iliyobaki, nusu kijiko cha chai cha binzari, pilipili mbuzi mmoja mzima asiyepasuliwa, na chumvi. Koroga muda wote bila kufunika, upande mmoja. Likichemka kwa fujo linakatika, na tui lililokatika halirudi. Likishakuwa zito kiasi cha kubaki mgongoni mwa kijiko, ondoa, toa pilipili, kamulia ndimu. Ndimu mwishoni kila mara! Uchachu uliopikwa muda mrefu unapoteza ule mng'aro wake.

Mkaa usubiri mpaka uvae majivu meupe. Ukiona ndimi za moto bado, hujaiva kwa kuchomea. Mpe changu dakika sita mpaka nane upande wa kwanza bila kumchokoachokoa, mgeuze mara moja, na upande wa pili ukikaribia ndipo umpake lile tui kwa kijiko au brashi, mara mbili tatu, akidondosha kidogo kwenye makaa ule moshi umrudie. Hapo ndipo majirani wataanza kuchungulia. Ndiye samaki wa kupaka huyo, yuleyule wa kwenye kijalada cheusi.

Kamba ni wa dakika tatu tu, lakini kazi yao ya kwanza ni kuvuliwa magamba na kutolewa ule uzi mweusi wa mgongoni. Usitupe vichwa! Vikaange pamoja na magamba kwenye mafuta kidogo mpaka viwe vyekundu, viponde kwa mwiko, tia kijiko cha nyanya ya kopo na swaumu, mimina vikombe viwili vya maji, acha vichemke dakika ishirini. Chuja, rudisha motoni upungue mpaka uwe mzito, malizia na kipande cha siagi. Mchuzi huu wa makombo ndio unaoandikwa kwenye menyu kwa jina refu la Kifaransa. Kamba wenyewe wakaushe kwa kitambaa, kikaango kiwe cha moto haswa, wapange bila kubanana. Dakika moja hivi kila upande. Akijikunja kama herufi C ameiva, akijifunga kama O amepitiliza na atakuwa mgumu kama kifutio. Wakiwa wengi wagawe mara mbili, maana wakirundikwa wanatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika.

Wali mnaujua, sitawafundisha. Ila mkishaufunika palieni makaa juu ya mfuniko kama bibi zetu, hakuna jiko la umeme lililoipita hiyo. Wakati wa kupakua, jazeni wali kwenye kikombe cha chai kilichopakwa mafuta kidogo, shindilieni, pindueni katikati ya sahani. Kachumbari: vitunguu vikatwe vyembamba, vifikichwe na chumvi, visuuzwe ukali utoke, nyanya zitolewe mbegu, na ndimu itiwe mkiwa mnaelekea mezani, mapema zaidi inalowa na kufanya ziwa.

Kama mmekutana na bamvua na mkachukua pweza, habari ni nyingine. Mgandisheni usiku mmoja kwenye friji kisha mmuache ayeyuke, baridi inalegeza nyama yake na kuwaokoa na ile kazi ya kumpigapiga. Mchemsheni kwa moto mdogo na maji kidogo sana, mwenyewe atatoa mengi, mpaka uma uingie bila kusukumwa, kama saa moja au zaidi kwa mkubwa. Ndipo tui.

SAA MBILI USIKU

Ogeni wote wawili. Hili naliona dogo lakini ndilo linalotofautisha mtoko na chakula cha jioni. Vaeni kama mnatoka. Televisheni izimwe, simu ziwekwe kwenye droo ya chumbani, tena zikiwa hazina sauti. Sahani ziwe nyeupe kama mnazo, na zipashwe joto kidogo juu ya sufuria ya wali, maana sahani ya baridi inaua chakula cha moto ndani ya dakika mbili. Weka chakula kidogo katikati, acha kingo zikiwa safi, futa matone kwa kitambaa. Kamba waje kwanza peke yao, wanne watano kila mmoja na mchuzi wao. Kaeni, kuleni, zungumzeni. Changu abaki pembeni ya jiko akijipumzisha, haendi popote.

Vinywaji, maji, ndimu na kachumbari viwe vimeshafika mezani kabla hamjakaa, na mmoja tu ndiye ainuke mara moja kuleta chakula cha pili. Kama zamu ya kupika wali ilikuwa ya dada, kuinuka ni kwa kaka. Ya mwisho iwe kitu kisichotaka jiko: embe kwenye msimu wake kuanzia Novemba mpaka Januari, vinginevyo nanasi lililokatwa na kunyunyiziwa pilipili na chumvi kama la Coco Beach. Na kama kuna jambo zito la kuzungumza, kiwanja, mchango wa ukweni, ile habari ya kuhama kazi, subirini mpaka hapo kwenye tunda. Mtu aliyeshiba samaki wa kupaka alioupika kwa mkono wake anasikiliza tofauti.

Wasomaji wa Mwanza najua mmeshaanza kulalamika kwamba kila kitu ni Dar. Nyie mna soko la Mwaloni Kirumba na sato wa Ziwa Victoria, samaki ambaye nyama yake nyeupe inapokea tui na mkaa kama aliyezaliwa pwani. Fuateni njia ileile, ila sato apewe chumvi mapema kidogo. Wa Dodoma na Arusha, samaki wenu wengi wamesafiri kwenye barafu, kwa hiyo muwe wakali zaidi kwenye jicho na matamvua, na siku mkikosa anayeridhisha msilazimishe. Kuku wa kienyeji aliyechemshwa kwanza, kisha akachomwa na kupakwa tui hilohilo, hajawahi kumwangusha mtu.

Vyombo? Loweka tu, milangoni hakuna anayekagua. Harufu ya samaki mikononi sugueni kwa ganda la ndimu na chumvi, kila mmoja amsugue mwenzake. Kichwa cha changu na mifupa yake vifunikeni kwenye friji: Jumapili asubuhi, kwa tangawizi, nyanya moja na ndimu ileile iliyobaki, mna supu.